Uwanja wa Besiboli Uliouulizia

Buyenzi, Avenue ya 9
Bujumbura
24 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Uthmani,

Assalaam alaykum warahmatullah. Kabla ya neno lolote, hali yako? Hali ya Assia na hiyo mimba? Mgongo wake umetulia? Mwambie asiinue vitu vizito, na asione aibu kulala mchana. Tunasikia sasa huko Kanada ni kiangazi. Je, ni jua la kuanika nguo zikauka, au ni lile jua la kutazama tu?

Sisi hapa alhamdulillah. Mama hajambo, isipokuwa magoti. Sasa anaswali amekaa kwenye kiti, na ukimpa pole anakwambia Mungu hatazami magoti. Shemeji yako Radjabu ni mzima, ila garaji imejaa magari yaliyolala kwa kukosa esansi, vituo vya mafuta vimekauka. Fundi gani atatengeneza gari ambalo haliendi popote? Anaamka, anafungua, anakaa mlangoni. Jioni anafunga. Mji umetukaza, mdogo wangu. Ukitaka kwenda mahali, ni miguu yako, na miguu ina mwisho wake.

Barua hii nampa Benite, yule binti wa jirani zetu, anayekuja huko kusoma. Kwenye simu uliniuliza kama tumepata uwanja, nikakwambia bado tunatafuta, mara sauti ikakatika. Nilishukuru ilivyokatika. Habari yenyewe si ya kusema kwa haraka.

Kile kiwanja cha nyuma ya maghala, pale ulipowachorea watoto mistari kwa majivu, hakipo tena. Mwenyewe amejenga. Kwanza yalikuja mabati, watoto wakawa wanachungulia kwenye matundu, kisha yakaja matofali na hakuna tena pa kuchungulia. Ulipoondoka uliniachia magongo, glavu na watoto, ukasema, "Dada, wasiache kucheza." Basi nilianza kutafuta.

Sikutafuta peke yangu. Unamkumbuka Landry, yule mdakaji wako mwenye mikono mirefu? Mama yake anaitwa Scholastique, Mkongo wa Uvira, anauza dagaa Kinama. Ulipokuwepo hatukuzoeana sana, mimi na mambo yangu ya msikiti, yeye na kwaya yake. Lakini kutembea pamoja kunazoesha watu. Tulitaka mahali palipo sawa, pasipo na barabara karibu, na penye pembe ya kivuli ili wazazi nao wakae waone watoto wao. Ukitaja hivyo unadhani ni jambo dogo.

Tulianza kwao Kinama. Uwanja upo, ila ni wa kandanda, na wenye kandanda hawataki mgeni. Walituachia asubuhi moja. Sumaya wangu akatupa, mtoto mmoja akapiga vizuri kweli, mpira ukaenda moja kwa moja kwenye karai la mama anayekaanga mandazi. Hakuungua mtu, namshukuru Mungu, lakini mafuta yalimwagika yote. Tulifukuzwa kwa kelele hadi barabarani. "Huo mupira yenu ya fimbo mupeleke kwenu!" Kwetu wapi? Huko ndiko tulikokuwa tunakutafuta.

Ruziba tulifika kwa kupanda kamyo ya mchanga. Yale majani ya kando ya ziwa tuliyokuwa tunakwenda siku za Idi, maji yameyachukua. Nyumba nyingine zimebaki paa na nusu ya madirisha. Wavuvi walituambia jioni viboko wanatoka hapo kula. Tukarudi.

Mwisho tulipata Mutanga Nord. Parseli tupu, kubwa, majani mafupi, na mti wa mwavuli pembeni. Anayeitunza alituruhusu kucheza mpaka mwenyewe atakapoanza ujenzi. Wiki kadhaa tulifurahi. Wazazi walikuja na mikeka, Mama naye alikuja, Radjabu akimsukuma kwenye baiskeli. Tatizo lilikuwa kuta. Pande zote ni nyumba za wakubwa, kuta ndefu zenye vioo juu, na mpira ukivuka umekwenda. Ilibaki mipira miwili, halafu mmoja. Niliwaambia watoto, huu ukivuka, tunakaa nyumbani.

Ukavuka. Kabla sijasema neno, Landry alikuwa ameshapanda mgongoni kwa mwenzake, ametandika shati juu ya vioo, ametokomea upande wa pili. Tukasikia mbwa. Kisha sauti ya mtu akipiga kelele, "Mwizi!" 

Nilikimbia kuzunguka mpaka kwenye geti. Scholastique alikimbia pamoja nami, lakini kwenye kona alisimama. Nikamvuta mkono, hakuja. "Mama Sumaya, sina karatasi. Ile yangu imekwisha. Polisi wakifika, wananibeba na yeye."

Hakuweza kuja mbele, na kurudi nyuma pia hakuweza. Nilimwacha pale kando ya mfereji, nikagonga.

Zamu anayelinda nyumba hiyo anaitwa Marcellin, mtu wa makamo, si mbaya wa sura. Alifungua tundu dogo la geti. Nikamwambia amefungia mtoto wangu.

"Mutoto yako? Huyu anasema jina yake ni Landry."

"Ndiyo, Landry."

Akatazama shungi langu. "Mama wa Kiislamu anazaa Landry?"

"Namupikia, namufulia, nikichelewa kumuona napiga kelele. We unataka mama wa namna gani?"

Akageuka ndani, akauliza kwa nguvu, "We kijana! Mama yako ni nani?"

Sauti ya Landry ilitoka mahali fulani juu. "Ni Mama Sumaya."

Uthmani, mimi sikumfundisha. Hakujua hata kama ni mimi niliyekuwa getini.

Marcellin alinifungulia nikaingia, kisha akafunga kwa kufuli nyuma yangu. Alisema mwenye nyumba yuko mjini, ndiye atakayeamua kama polisi waitwe. Yeye akituachia atapoteza kazi. "Nami nina watoto, mama. Tukae tumungoje." Basi tulikaa. Landry alikuwa juu ya nguzo za tangi la maji, mbwa wawili chini yake, paja limechanwa na kioo. Mbwa walifungwa, nikamshusha, nikafunga kidonda kwa kipande cha shungi langu. Upande wa nje niliwasikia watoto wakinong'ona. Kupitia ufa wa geti niliiona sketi ya Scholastique kule kwenye kona. Ilikuwa haisogei. Saa zote zile, kila gari liliposikika, nilifikiri ni polisi. Niliwaza, nikiulizwa kitambulisho, karangamuntu yangu nitaitoa, na ya mtoto je? Ukuta ni ule ule, lakini mimi ningetoka na yeye asingetoka.

Mwenye nyumba alifika karibu na magharibi, kwa miguu, viatu mkononi, maana gari lake nalo lilikuwa kwenye foleni ya esansi. Alinitazama, akatazama damu. Alikuwa amechoka hata kugomba. Alisema maneno machache kwa Kifaransa, tuondoke, na tusionekane tena mtaani kwao. Sikudai mpira. Nilipotoka, Scholastique alimshika mwanawe kwa shingo, hakulia, hakusema asante. Alitembea naye mpaka Kinama bila kugeuka nyuma.

Tangu siku hiyo hakutoka tena nyumbani. Dagaa aliziuza kupitia jirani. Landry alizuiwa hata kufika kwetu. Nilipokwenda kumwona, nilikuta amefunga mizigo. Parokia yao ilikuwa inaandikisha Wakongo wasio na karatasi ili wapelekwe kwenye kambi ya wakimbizi, mbali huko mashariki. Nilimsihi, Uthmani. Nilimwambia kambini mtu hatoki mpaka aombe ruhusa, na biashara yake, na shule ya mtoto.

Alinijibu akiwa anakunja shuka. "Hapa nakaa mu nyumba kama mutu wa gereza. Kule nitafungwa pia, lakini nitakuwa na karatasi. Niambie, Mama Sumaya, kama iko njia ya tatu, mi nitaifuata."

Nilimsaidia kukunja shuka.

Walipoondoka, Sumaya alikataa kula siku mbili za mwanzo. Gongo lako alilisukuma chini ya kitanda. Watoto wengine walikuja wakauliza, nikawaambia hakuna uwanja na hakuna mpira. Wakakaa kwenye baraza letu, wamepangana kama ndege kwenye waya, wakitazama barabara. Nami niliwatazama kutoka dirishani, nikaona kweli tumeshindwa.

Halafu Landry akapiga simu kwa simu ya mtu. Aliongea na Sumaya, nami nikasikiliza. "Huku iko nafasi! We, ungeona! Sawa kabisa, hakuna ukuta, hakuna kioo. Nimeshona mupira ya masoksi na mifuko. Nafundisha watoto wa huku, lakini kutupa hawajui. Nakosa mutu wa kunitupia." Sumaya alinirudishia simu akaenda kulivuta gongo chini ya kitanda.

Hapo shemeji yako alifanya jambo, na usije ukamsema tena kwamba ni mtu wa kukaa mlangoni. Kamyo ya parokia inayopeleka maharage kambini ilikuwa imeharibika. Radjabu aliitengeneza, akakataa malipo, akasema, "Mutapakia maharage yenu na watoto wangu." Padri mwenyewe alituombea ruhusa kambini. Ikaja: siku moja, tuingie asubuhi, tutoke mapema ili dereva arudi kabla ya giza. Mpira aliutafuta Mama, sijui kwa nani. Sisi tuliukuta tu kwenye kapu lake, mpya, na hakutaka kuulizwa.

Tulisafiri juu ya magunia. Nikwambie ukweli, nilipopita kizuizi cha kambi na kuandikwa jina, nilitamani kugeuka nirudi. Lakini uwanja, Uthmani! Ndio ule tulioutafuta mji mzima. Ardhi nyekundu, sawa kama sinia, upande mmoja mikaratusi yenye kivuli, na familia zimekaa tele, akina mama na sufuria zao, wazee, watoto mgongoni. Hatujawahi kupigiwa makofi na watu wengi hivyo. Scholastique alinikalisha kwenye mkeka wake. Alikuwa amekonda, ila alinionyesha karatasi yake mpya yenye picha, ameitia kwenye plastiki. Nikaisifu. Kisha akanishika mkono, akaushikilia mpaka mwisho.

Landry alikuwa na timu yake. Wanapiga ovyo, wanakimbia vizuri. Sumaya aliwatupia kwa huruma mwanzoni, walipopata pointi huruma ikaisha. Mechi ilikuwa sawa kwa sawa. Zamu ya Landry ikafika, akaupiga ule mpira mpya wa Mama ukaenda mbali, mbali hasa, hakuna kilichouzuia, na wote tukasimama. Akapita kituo cha kwanza, cha pili, akafika cha tatu. Ilibaki kile cha mwisho, ambacho wewe uliwafundisha kukiita nyumbani.

Dereva akapiga honi.

Tulimwomba dakika chache. Akasema kuna vizuizi njiani, na ruhusa ni ruhusa. Askari wa getini naye akaanza kutuita kwa mkono. Watoto wangu wakakusanya glavu, wakapanda. Sumaya alibaki katikati ya uwanja na mpira mkononi, analia. Nilimwendea Landry nimuage, nikamwambia aje tupeane mkono. Akakataa kusogea. Mguu wake ulikuwa juu ya lile gunia walilolifanya kituo, ameukaza.

"Apana, Mama Sumaya. Mi niko ku ya tatu. Mukirudi, tunaanzia hapa."

Basi nilimfuata mimi, nikamkumbatia pale pale alipo. Sumaya alimtupia mpira taratibu, akaudaka, tukamwachia. Kamyo ilipogeuka kwenye vumbi nilimwona bado amesimama, na watoto wa kambini wamesimama naye, kila mmoja mahali pake.

Nimeomba ruhusa nyingine. Hawajanijibu. Kila Ijumaa napita parokia kuuliza, mwanamke wa shungi kwenye baraza la kanisa, wameshanizoea, wananiletea kiti.

Mama anakubusu kwenye paji la uso. Radjabu anakusalimu, na Sumaya anasema umwambie ni vipi mtupaji hutuliza mkono unapotetemeka. Wasalimie Assia na yule aliye njiani. Mungu amfungulie mlango kwa wepesi, na akupe wewe riziki isiyokutenganisha na watu wako. Amina.

Ni mimi, dada yako asiyekusahau katika dua zake,

Raihana