Siti ya Nyuma Kwenye Nyoka

Jumatatu, 3 Machi

Wifi amepata kazi. Na si kazi tu — kazi ya Nyoka! Yeye ndiye atakayesimama kwenye kibanda abonyeze kitufe, treni ya kwanza ipande. Wifi yangu mimi! Mtu ambaye mpaka leo kila kilichomo mule kwenye uwanja wa burudani anakiita bembea. Gurudumu kubwa, bembea. Farasi wa kuzunguka, bembea. Na Nyoka mwenyewe, rola kosta, treni ya kupanda na kuporomoka kwenye reli za kijani, niliyoichungulia miaka mitatu kwenye tundu la uzio, naye eti bembea.

Mume wangu ameingia na habari hata viatu hajavua. Mdogo wangu kapata, mdogo wangu kapata! Nikasema hongera zake. Nimesema vizuri tu, hakuna atakayenilaumu. Halafu nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kazi hiyohiyo niliiomba mimi. Mume wangu analijua hilo na amejifanya kulisahau. Siku ya usaili niliwaeleza aina za breki. Niliwaeleza kwa nini mnyororo unapiga ile ka-ka-ka ukipandisha treni. Niliwaambia na foleni zao zinavyokera. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wanatafuta mtu wa kuangalia watu, si wa kuangalia mashine. Wifi alipoulizwa anajua nini kuhusu rola kosta, akajibu hajui kitu, atafundishwa. Wakamchukua!

Sina hamu kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeharibu miwani ya mteja. Lenzi ya kulia nimeitia kushoto. Bosi akauliza, mama, leo uko wapi? Niko uwanjani, ndilo jibu. Nikasema kichwa kinaniuma.

Saa ya chakula, nani anaingia dukani? Wifi, na sare. Fulana ya kijani, kinyoka kimedariziwa kifuani. Imemkaa, siwezi kusema haikumkaa. Bosi kamsifia, mteja kamsifia, mpaka yule fundi wa fremu ambaye huwa hasemi na mtu kamuuliza Nyoka atafunguliwa lini. Na mimi nimekaa palepale! Miaka mitatu wananiuliza mimi. Mimi ndiye niliyewaambia bolti zimekwama bandarini, mimi ndiye niliyewaambia mtaalamu ameondoka. Leo nimekuwa kabati.

Wifi akajibu kwamba bembea bado kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda uwanjani peke yangu. Mume wangu hapendi, anasema akitaka kutapika anaweza kutapikia nyumbani bure.

Gurudumu kubwa: behewa moja tu linapakiwa kwa wakati, wanashusha wawili, wanapandisha wawili, utadhani wanapanga mayai. Foleni imezunguka mpaka vyooni. Mashua ya kubembea: kijana wa kufunga watu mikanda anachati. Farasi: mmoja hana kichwa tangu mwaka jana, wamemvika mfuko. Hawa ndio watu walionikataa mimi.

Nikamalizia kwenye uzio wa Nyoka kama kawaida. Lile bango la "Hivi Karibuni" limepauka mpaka "Hivi" haisomeki. Kwanza sababu ilikuwa bolti. Ikaja mvua. Mtaalamu akarudi kwao kuoa. Siku hizi wanasema ni marekebisho ya mwisho, na hayo marekebisho ya mwisho yana mwaka mzima sasa! Fundi wa nyumba angekuambia hivyo ungeshamfukuza.

Lakini ni mzuri jamani. Ule mlima wa kwanza ulivyosimama, halafu mteremko wake ule, kama umesukumwa dirishani. Nilisimama pale mpaka shingo ikauma. Halafu nikaona fulana ya kijani inapita upande wa pili wa uzio, ndani, na funguo mkononi. Nikaondoka kabla hajaniona.

Kwenye kundi letu la simu la wapenda kupanda rola kosta niliandika maoni yangu yote, marefu. Jibu likaja moja tu: muulize wifi yako atupe habari.

Jumatano, 12 Machi

Wifi alikuja kula. Kasimulia majaribio. Nyoka anapelekwa kila asubuhi bila mtu, siti zote zimefungwa masanamu ya plastiki yaliyojazwa maji ili treni iwe na uzito wa abiria. Haya yote mimi nayajua! Nayajua tangu wifi hajui hata kufunga mkanda wa gari. Lakini kuyajua ni kitu kimoja, na kuyabeba kwa mikono yako ni kingine. Anasema yanayovuja wanayaita wagonjwa. Kuna moja linavuja kila siku, wamelipa jina la meneja.

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nikauliza kama treni inafika breki ya mwisho ikiwa na mwendo wa kutosha. Wifi akasema, mh, hilo sijaangalia, wifi.

Hajaangalia! Amesimama hapo siku nzima na hajaangalia!

Nina wivu. Haya, nimeandika.

Jumamosi, 15 Machi

Wifi kaja tena, lakini leo akijua kaka yake hayupo. Akakataa chai. Akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuleta msiba.

Mambo yenyewe ni haya. Pale kazini kwao kuna sheria: anayeendesha mashine lazima aipande yeye kwanza, mbele ya meneja, kabla mteja yeyote hajapanda. Asiyepanda haendeshi. Na yeye bado yuko kwenye majaribio ya kazi, kwa hiyo asiyepanda anarudi nyumbani. Na wifi anaogopa urefu. Anaogopa haswa — nyumbani kwake balbu ikiungua anaita jirani, hawezi kusimama juu ya kigoda. Anasema akimwangalia Nyoka kutoka chini tu mikono inalowa. Watoto wake wawili anawalea mwenyewe, na hii ndiyo kazi ya kwanza ya maana aliyopata tangu mume wake aondoke. Alilia kidogo. Akaniomba radhi kwa kulia.

Halafu akasema, wifi, wewe ndiye unayejua mambo haya, kaka atanicheka tu. Nikae wapi?

Nikamwambia, kaa nyuma kabisa. Nyuma pametulia.

Nyuma! Kila mtu aliyewahi kupanda zaidi ya mara moja anajua. Mbele unaona kila kitu na roho inaruka, lakini behewa lenyewe linavuka kilele taratibu, linasubiri wenzake wa nyuma. Siti ya mwisho ndiyo balaa. Mabehewa ya mbele yameshaanza kuporomoka, wewe bado unapanda, ndiyo yanakuvuta. Unarushwa. Makalio yanaachana na kiti. Nimeona majitu yenye ndevu yakishuka siti ya mwisho yakimuita mama. Mwoga anakaa mbele, au katikati. Hilo ni somo la kwanza kabisa, nimewafundisha watu wangapi mimi!

Nataka kuandika kwamba ilinitoka tu. Haikunitoka. Nilikiangalia kile kinyoka cha kifuani kwake, nikasema.

Akanikumbatia. Akasema, Mungu akuweke.

Jumapili, 16 Machi

Nitamwambia kesho.

Jumanne, 18 Machi

Sijamwambia. Jana alipiga simu mara mbili, nilikuwa na wateja. Kweli nilikuwa nao. Mmoja.

Lile zoezi lao la kupanda mbele ya meneja lilikuwa liwe leo, limesogezwa mpaka Jumamosi. Safari hii ni waya wa breki, marekebisho ya mwisho. Kwa kawaida ningetukana. Leo nimeshusha pumzi.

Mama mkwe naye kapiga: nasikia umemsaidia mwenzio, umemwambia nyuma pametulia, ahsante sana mwanangu. Kumbe anawaambia watu! Sasa nyuma pametulia imefika mpaka kwa mama mkwe.

Hakuna atakayekufa. Hili niliandike wazi. Chuma cha mapajani kinashika, mkanda unashika, siti ya mwisho ni salama sawa na ya kwanza. Atapiga kelele, atashuka anatetemeka, basi. Na akishuka akasema harudii tena, huo ni uamuzi wake. Na nafasi itabaki wazi.

Nimeisoma hiyo sentensi ya mwisho. Nilitaka kuikata. Imebaki.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wifi kaja jioni, uso wote meno. Kumbe kwenye zoezi la kesho kila mfanyakazi anaruhusiwa kuleta mtu mmoja. Mmoja tu. Mume wangu akajiweka sawa, akakohoa, akasema yeye kwa heshima ya ukoo atajitolea. Wifi akamwambia, kaa chini kaka, wewe unatapika kwenye basi. Nimemwandikisha wifi.

Mimi.

Halafu akaongeza: na nimekuombea siti ya mbele. Meneja alikuwa anaitaka mwenyewe. Nimemwambia nina mtu nyumbani kasubiri miaka mitatu kwenye tundu la uzio, nimemwona kwa macho yangu Jumapili ile, shingo imepinda. Akaniachia.

Aliniona! Aliniona Jumapili ile, na hakusema kitu, akaenda kuniombea siti.

Nililia palepale. Mume wangu akacheka, eti huyu na bembea zake. Wifi akasema si bembea kaka, ni rola kosta. Ameanza kuiita rola kosta! Nikamshika mkono nikamvuta jikoni nimwambie. Nikafungua mdomo. Akaniwahi: naogopa wifi, lakini nimekaa nikajiambia, nyuma pametulia, nyuma pametulia, naona kidogo napumua.

Nikampa maji ya kunywa.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika kwenye benchi la kituo cha Nyoka. NDANI ya kituo! Naandika ili mikono iwe na kazi.

Nimeingia kwa mlango wa wafanyakazi. Nimegusa reli. Inanukia rangi mpya na grisi. Mnyororo ni mnene kuliko nilivyodhani, na ule mteremko ukiwa chini yake huuoni mwisho. Siti ya mbele nimeshaikalia. Nilikaa, chuma kikashuka, kikanibana mapajani, nikasema moyoni sasa hata nife. Siti ya pembeni yangu wameweka sanamu la maji, sababu watu hawatoshi kujaza treni. Linavuja. Ndilo lile lenye jina la meneja.

Nikageuka. Mwisho kabisa wa treni, wifi, na sanamu lake pembeni. Kalishika mkono.

Nikasema sasa hivi. Nimwite, aje mbele, hili linalovuja tulishushe, siti ipo! Ni neno moja tu. Lakini nitasemaje? Nimekosea? Mimi, nikosee siti? Hakuna mtu humu anayenijua atakayeamini kwamba nilikosea.

Na hapo king'ora kikalia. Upepo. Kipima upepo huko kileleni kimekataa, mashine haitoki mpaka utulie. Chuma kikafunguka, tukaambiwa tushuke tusubiri. Watu wameguna. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu waanze kujenga hii kitu, nimeshukuru kwa kucheleweshwa. Ee Mungu, iwe hitilafu. Iwe kubwa. Wafunge tena mwaka mzima, waandike bango jipya, nitakuja kuchungulia kwenye tundu na sitatukana mtu.

Wote tumeshuka isipokuwa wifi. Amegoma. Anasema akishuka hapandi tena, bora wamwache hapohapo na chuma chake. Meneja alitaka kumlazimisha, kisha akamwacha. Kwa hiyo yuko peke yake kwenye treni nzima na masanamu, siti ya mwisho, amefumba macho. Midomo inacheza. Najua anachokisema.

Kutoka hapa benchi mpaka pale ni hatua chache tu. Njia ni nyeupe, hakuna aliyenishika.

Sasa hivi kafumbua macho. Kanitafuta kati ya watu mpaka kaniona. Kaninyooshea kidole gumba.

Nami nimemnyooshea changu.

Bendera ya juu kileleni imelala, upepo umetulia. Meneja anapiga makofi, haya jamani, kila mtu na siti yake. Siti yangu ni kule, siti yake ni huku, nitampitia, nitamwambia nikimpitia. Ngoja kwanza nifunge kamba ya kiatu.