Ngozi Kasongo, Pumzi Kabambare

Kasongo, nyuma ya Misheni,
Siku ya Mungu, tarehe 25 Agosti 1957.

Kwa Yaya Théophile,
Kazi ya reli, Albertville.

Mupendwa Yaya, kaka yangu mukubwa,

Jambo. Jambo tena. Na jambo ya tatu ni ya Mama Mathilde, mama yako na yangu, ambaye amesimama nyuma yangu na mwiko wa ugali mukononi ili niandike salamu yake kabla ya upuuzi wangu. Anauliza: unakula? Unalala? Baridi ya ziwa haijakuingia kifuani? Mimi ninauliza: umenenepa? Maana tunasikia watu wa reli wanakaa kitako tu na kuangalia wengine wakipakia.

Sisi huku tuko wazima. Muguu wa Mama ulikuwa umevimba katika mwezi wa sita, lakini sasa anakwenda shamba na kurudi, na juzi alinikimbiza mpaka kwa jirani. Hiyo ndiyo alama ya afya. Mvua bado, vumbi iko mingi. Mimi ninafyatua matofali ya Misheni tangu nilipoacha shule, au tangu shule iliponiacha, jambo hilo usilichimbe. Matofali yangu ni mazuri kuliko ya wote. Uliza mutu yeyote, isipokuwa kapita, musimamizi wetu.

Sasa keti. Kama umekwisha kukaa, shika kiti vizuri. Ninataka kukupa habari ya mupira wako.

Unakumbuka siku ulipoushona? Mimi ninakumbuka kuliko sala zangu, na Moniteri Roger, mwalimu wa Misheni, asisikie. Ilikuwa mwaka wa 1949, nilikuwa na miaka tisa, nilikaa mbele yako pale mulangoni kwa Mama nikikushikia uzi, na wewe unaupaka nta ya nyuki. Ngozi ilikuwa ya beberu la Misheni lililokufa kwa ulafi. Ule mupira wa ndani, wa kupuliza, Padri alikupa, na sisi watoto tukauita pumzi. Ulipuliza mpaka macho yakataka kutoka. Kisha ukaipaka ngozi mawese ilainike, na Mama akapiga kelele kwamba unalisha mupira na watoto watakula nini. Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese ya moto ninaona vidole vyako.

Na kwa sababu ngozi haikutosha, ukatia kiraka cha mukaba wako ubavuni. Ndiyo maana ukiupiga sawasawa unakwenda kushoto kama mulevi anayetafuta ukuta. Wageni hawakujua. Sisi tulijua. Tulishinda michezo mingi kwa sababu ya kile kiraka, Yaya, tusijidanganye kwamba ilikuwa akili yako.

Maana wewe golini pia ninakukumbuka! Ile ya 1951, mupira ulipokupita katikati ya miguu kama kuku, kwa kuwa Victorine alikuwa anapita na mutungi wake. Leo ni muke wako, basi tuseme hatukushindwa bure.

Ulipochoka mupira ule tukaacha kuupiga, tukaufunga katika kitambaa. Kila Sikukuu ya Kupalizwa Maria, Kasongo na Kabambare wanacheza kwa mupira mwingine, na wako unakwenda kulala katika muji wa aliyeshinda. Wakitoka sare, unabaki ulipolala. Wenyeji wanasindikiza wageni kwa muguu mpaka darajani, kamio, gari kubwa la mizigo, inafuata polepole nyuma, na pale darajani ndipo mupira unapotolewa mukono kwa mukono. Haya yote unayajua, lakini ninapenda kuyaandika.

Na siku ulipopanda kamio kwenda huko, miaka mitano sasa, ulinishika sikio hili la kuume, ukasema: "Jean-Marie, mupira ule usilale ugenini miaka miwili." Nikaapa. Mwaka jana tukashindwa kule Kabambare, mbili kwa bure, kwa sababu uwanja wao umeinama. (Moniteri anasema ni mimi niliyeinama.) Basi mwaka huu ilikuwa zamu yangu kuurudisha nyumbani.

Kumbe katika mwezi wa saba karatasi inabandikwa kwenye ukuta wa Teritwari, ofisi ya serikali. Wakubwa wamegawa mashindano upya. Kasongo tumewekwa kundi moja na Kibombo na Kindu, kufuata reli. Kabambare wamewekwa na Wamaza na Salamabila, kufuata njia ya mugodi. Na kamio ya sikukuu haitatolewa tena kuanzia mwaka kesho. Maana yake, muchezo wetu wa mwaka huu ni wa mwisho. Atakayeshinda atalala na mupira wako mpaka parapanda ilie.

Yaya, ungekuwapo barazani kwa Hemedi! Cherehani yake ni ile ile, kelele yake imeongezeka. Watu walijaa hata wenye nguo za kushona wakakosa pa kusimama.

"Kindu!" Hemedi anasema. "Nani anamujua mutu wa Kindu? Mutu humujui hata jina la mama yake, ukimushinda utamucheka namna gani?"

Moniteri Roger alikuwa amekuja kuchukua suruali yake. Ndiye anayetufundisha mupira sasa. "Bwana Hemedi, muji wetu unapanda cheo. Kindu iko na uwanja wenye majani."

"Majani ni ya mbuzi, Moniteri. Na wewe unafundisha watoto mupira kama katekisimu. Swali, jibu. Swali, jibu. Huyu anampa yule, yule anamrudishia huyu. Goli watafunga siku ya hukumu?"

"Na wewe ungewafundisha nini? Kupiga juu na kuomba dua?"

"Dua inafika mbali kuliko pasi zako!"

Baraza zima likacheka, na Moniteri naye akacheka. Lakini suruali aliyopewa ilikuwa fupi vidole vinne, na Hemedi anaapa kwamba ni Moniteri aliyerefuka.

Katikati ya maneno hayo akatokea Pacifique, karani wa mugodi wa Salamabila, na sanduku kwenye kinga, baisikeli yake, hata upepo wa gurudumu ulikuwa umekwisha kwa uzito. Unajua ndani kulikuwa nini? Viatu vya mupira. Vyeusi, na meno chini. Mugodi unatafuta wachezaji: unapewa kazi, blanketi, poso ya muchele na samaki wa chumvi, na viatu. Kule Kabambare Pacifique alikuwa amekwisha kuwanyang'anya mufungaji wao wa mwaka jana. Kwetu akanitaka mimi. Wewe cheka tu. Akanitaka mimi! Nikavivaa pale barazani, vikanikaa kama nilizaliwa navyo.

"Kamio inaondoka kesho," akasema.

"Ningoje mpaka baada ya sikukuu."

"Mugodi haungoji, kijana."

Nilivifungua kamba moja moja, polepole, ili nivae muda murefu. Kisha nikamurudishia. Hemedi akaniambia, "Wewe ni mupumbavu," na akanishonea kaptula bure. Viatu vilikwenda na Roger mudogo, yule mutoto wa mupagazi, ambaye hajui hata kuupiga mupira kwa muguu wa kushoto. Vilikuwa vinanukia vipya, Yaya. Basi.

Siku yenyewe ikafika. Kabambare wakaja juu ya kamio wakiimba, weupe kwa vumbi, na mupira wako umekaa juu ya magoti ya Ramazani, mulinda goli wao na kapiteni wao, umefungwa kitambaa kipya cha maua. Kama ni kweli wanatuchukia, basi wanachukia kwa adabu. Waislamu wa musikitini na wakristo wa Misheni walisimama pamoja, Mama Mathilde mbele yao na mwiko ule ule.

Wakafunga wao kwanza. Tukarudisha sisi kwa swali na jibu ya Moniteri, pasi saba, nilizihesabu, na ya saba ilikuwa yangu. Niliangalia upande aliposimama Hemedi: alikuwa anaangalia chini kama mutu aliyepoteza sindano.

Moja kwa moja. Sare, na sare ni yao. Dakika zilikuwa zinakwisha. Ndipo mutu wa Kabambare akaupiga mupira nje, ukaangukia ua la mukonge, ukatoa sauti kama muzee anayekaa. Ulikwisha. Na mupira mwingine muji muzima haukuwapo.

Yaani, ulikuwapo mumoja.

Padri mwenye kupiga filimbi akaangalia Ramazani. Ramazani akaangalia kile kitambaa cha maua. Kisha akakifungua, akautoa, akaugonga mara mbili kwa kiganja kama unavyogonga tikiti, akaniambia, "Fundi wake ni Yaya wako. Atavumilia?"

"Yaya wangu hashoni mara mbili," nikasema.

Huwezi kujua namna wote walivyouogopa. Mutu anaugusa kama anagusa yai. Miaka yote ulilala katika kitambaa, na sasa unaruka katika vumbi, mweusi kwa mawese ya zamani, na wazee pembeni wanalia "ndio ule! ndio ule!" Mimi nilijiona tena nina miaka tisa, ninaukimbilia kwenye mihogo ili nikurudishie.

Wakaniangusha karibu na goli. Padri akapiga filimbi, akaweka mupira chini. Nikajua ni sasa. Nikageuza kiraka upande wangu, nikalenga katikati sawasawa, ili upinde kushoto. Lakini Ramazani alikuwa amelala na mupira ule mwaka muzima. Nilimwona anachungulia kiraka na yeye. Basi tukajua wote wawili; yeye akadhani nitabadilisha, akasogea kulia. Nikapiga kwa nguvu zote za matofali.

Sikiliza sasa, na usiseme ninaongeza. Uzi wako ulikatika hewani. Ngozi ikapinda kushoto, ikaingia golini, ikalala kwenye kona kama kofia. Na pumzi ikachomoka yenyewe kama samaki, nzima, imejaa, ikakwenda kulia, Ramazani akaidaka kifuani.

Kelele! Watu wetu wanasema goli. Watu wao wanasema amedaka. Hemedi anauliza, mupira ni ngozi au ni pumzi? Moniteri anajibu, roho ni kubwa kuliko mwili, kisha anakumbuka ni wa Kasongo, anasema hapana, mwili pia utafufuka! Padri akafungua kitabu chake kidogo cha sheria za mupira, akasoma, akakifunga. Mupira uliopasuka si mupira. Si goli. Na hakuna wa kumalizia. Sare.

Sare, Yaya. Unajua maana yake.

Tukawasindikiza. Ramazani alikuwa amebeba ngozi mukono mumoja na pumzi mukono mwingine. Pale darajani nikasimama mbele yake kwa desturi, sina cha kutoa wala cha kupokea. Kamio ikanguruma. Akaangalia vile vitu viwili.

"Sisi fundi hatuna," akasema. "Nikiipeleka hii kwetu, ni ngozi ya beberu aliyekufa. Chukua. Pumzi niliidaka mwenyewe, hiyo ni yangu."

"Na makundi mapya?"

"Karatasi yao ilisema kamio hakuna. Haikusema miguu hakuna. Fundi wenu akiishona, mutakuja kutafuta pumzi. Mukija, tutacheza. Na mutashindwa."

"Uwanja wenu umeinama," nikamwambia, na hapo tukacheka, na Yaya, ndipo machozi yakanitoka, lakini kulikuwa na vumbi.

Basi nimetimiza nusu ya kiapo changu, na nusu ni zaidi ya walichotimiza wengine ninaowajua, walioahidi kurudi "Noeli inayokuja," Noeli nne zilizopita.

Ngozi haikai kwangu. Mama Odile, muke wa karani wa posta, anapanda gari la moshi kuja Albertville, ndiye anayekuletea hii barua pamoja na furushi. Utaona mushono uliokatika ni ule uliokuwa karibu na kiraka. Nilijaribu kuushona mimi. Nilijidunga vidole vitatu. Hemedi alijaribu kwa cherehani, sindano mbili zikavunjika, akasema mukono ulioanza ndio umalize. Nimetia na kipande cha nta. Mawese usinunue huko, ya Mama yapo.

Ukimaliza usiitume kwa posta, wala kwa mutu. Sikukuu ya Maria iko kila mwaka. Kutoka hapa mpaka Kabambare ni siku kadhaa kwa muguu, na mimi njia ninaijua, lakini mulinda goli hatuna: yule wetu ni mubovu kama wewe, na tumezoea ubovu wako.

Unisalimie Victorine, umwambie asipite nyuma ya goli. Salamu kwa watoto ambao bado hawajaniona uso, maskini, hawajui wanachokosa. Hemedi anakusalimu, Moniteri Roger anakusalimu na suruali yake fupi. Mama ameweka mwiko chini, ameishika ile ngozi, anainusa.

Mungu alinde reli unayokanyaga, na aigeuze siku moja ielekee huku.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kukupenda hata sikio likiuma,

Jean-Marie