Mkono Wenye Watu Ndani

Abaayo Hawa,

Ni wewe uliyenifundisha kumwita dada hivyo. Naandika kwa mkono ule ule ulioandika "hana kitu" katika kitabu chako cha hospitali. Naandika polepole kwa sababu sasa unaniuma.

Kila asubuhi ulituletea maziwa ya ngamia hapa zahanati ya Bura, ukaniomba nikufungulie kifuniko cha mtungi. Nilikutania kwamba umezoea kudekezwa. Ukanionyesha kifundo cha mkono: hakuna jeraha, na picha ya eksrei safi kabisa. "Sista, walahi, hii mkono iko na watu ndani. Wanabeleka maneno." Nilicheka, Hawa. Nikawasimulia wenzangu wakati wa chai, nao wakacheka. Ukaenda dukani kujinunulia vidonge vya maumivu, ukavimeza miezi na miezi, mara nyingi bila chakula, hadi tumbo likavuja damu. Nilipopata habari, walikuwa wameshakuzika.

Sasa sikia. Baada ya mvua nilishikwa na chikungunya, ile homa ya mbu. Homa ikaisha, damu ikapimwa, safi. Lakini kila siku kifundo huamka kabla yangu. Shuka tu likikigusa, napiga kelele. Daktari wa Garissa akanieleza: askari wa mwili hutumiana ujumbe kwa kemikali, na ujumbe huo huichokoza mishipa ya fahamu mpaka mguso mdogo unauma kama moto. Wakati mwingine adui ameshaondoka, nao bado wanatumiana. Wewe ulikwisha kuniambia, tena kwa maneno machache kuliko yake.

Hapa zahanati sijamwambia mtu. Lakini jana binti yako Sahra alipoleta maziwa, alifungua kifuniko kabla sijagusa mtungi. Nikamuuliza kwa nini.

"Mama alisema mkono yako itakataa."

Alisema lini, sikuthubutu kuuliza.

Leo mzee mmoja ameketi mahali pako kwenye benchi, ameshika goti lisilo na jeraha. Nimemuuliza goti linasema nini, nikaandika yote. Mkono umeniuma hadi nukta ya mwisho, nami sikuuonea huruma.

Nisamehe, abaayo. Pumzika. Maneno yale mawili sitayaandika tena. Na siku nikijisahau, waambie hao watu wa ndani wanikumbushe.

Sista wako,
Mwende