Trekta Dogo la Mzee

Jumamosi, 1 Machi

Leo nimepima shamba tena. Ekari nne, hazijaongezeka. Geti — mita mbili na sentimita kumi. Mlango wa banda la nyuma — mita mbili kamili, kwa hiyo bati la juu itabidi linyanyuliwe. Kati ya safu za michungwa — mita tatu, ila karibu na kisima ni mbili na nusu. Nimechora yote kwenye karatasi ya miraba, kwa penseli. Miaka thelathini na moja ya kufundisha hisabati haimtoki mtu kwa sababu tu amestaafu.

Mzee alikaa barazani akinitazama nikiburuta futi kamba. "Mwalimu," akasema, "shamba unalishonea suti?" Nikamwambia napima njia ya trekta. Akacheka upande mmoja wa mdomo. Tangu kiharusi cha mwaka jana anacheka hivyo.

Jirani yetu alipita alasiri. Namwita Bwana Ekari, maana kila anayekutana naye humuuliza anazo ngapi. Anataka kukodi shamba letu lote, miaka mitano. Jibu alitaka kabla ya tarehe kumi na tano, mvua zisimkute hajalima. Mzee aliinuka, akaingia ndani. Tukikodisha, atabaki na nini cha kumwamsha asubuhi? Hilo halina kanuni.

Jumatatu, 3 Machi

Dukani. Wanauza kila kitu pale — misumari, mabeseni, pampu, chakula cha kuku. Matrekta madogo sita yamepangwa nje kwenye kokoto, kama watoto mstarini. Mzee alikataa kuja, alisingizia mgongo. Nikaenda na mkwe wangu. Kosa! Nikiuliza mimi, anajibiwa mkwe. Niliuliza shafti ya nyuma, ile ya kuzungushia mashine za kulimia, ina nguvu kiasi gani. Muuzaji akamgeukia mkwe: "Mwambie mama ni imara sana." Na mkwe, ambaye anauza miwani na hajui dizeli inanukaje, akatikisa kichwa kama mtaalamu.

Nikamtuma mkwe akaninunulie maji. Mambo yakanyooka.

Muuzaji akataka kujua nani ataendesha. Mume wangu. Umri? Sabini na mbili. Akanipeleka hadi kwenye lile la mwisho. "Mama, chukua hili. Halina klachi. Unakanyaga kwa mguu wa kulia tu, linakwenda. Ukiachia, linasimama. Wazee wengi wanalipenda."

Wazee wengi! Nikamweleza — kwa upole, nadhani — kwamba lile husukumwa na mafuta yanayopita kwenye mabomba, na sehemu ya nguvu hupotea njiani kabla haijafika kwenye magurudumu. Kwa udongo wetu wa mfinyanzi, nguvu ndiyo kila kitu. La klachi na gia halipotezi kiasi hicho. Tena mume wangu ameendesha lori la ushirika miaka kumi na minane, gia ziko kwenye damu. Nikamchorea nyuma ya karatasi yake ya matangazo. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwalimu," akasema. Sikuwa nimemwambia kazi yangu.

Nimechukua la klachi. Nikasisitiza liandikwe kwa jina la Mzee, si langu. Nimerudi miguu inawaka moto, lakini nimeshinda.

Alhamisi, 6 Machi

Limeletwa. Limepita getini na nafasi ikabaki, kama nilivyosema. Mzee alilizunguka mara mbili, akapiga tairi teke. "Zuri." Hakupanda.

Wametuachia karatasi: siku saba za kubadilisha, kuanzia kesho, ilimradi mita ya injini haijazidi saa kumi za kazi. Nimeibandika jikoni. Sidhani kama tutaihitaji.

Ijumaa, 7 Machi

Hakupanda. Anadai dizeli mpya lazima itulie kwanza kwenye tangi. Dizeli haitulii! Nilimweleza. Akanijibu kuwa mimi najua vitabu, yeye anajua injini.

Jumapili, 9 Machi

Leo ni tairi la mbele — eti halina upepo wa kutosha. Nimepima upepo. Unatosha.

Binti yetu akapiga simu. Baba ameshalima? Nikamwambia anajiandaa. "Mama, unamlazimisha?" Nikamfafanulia faida za kulima mapema, jinsi udongo unavyoshika maji, magugu yanavyo— "Mama. Sikuuliza hayo."

Nikasema chungu kinaungua. Hakukuwa na chungu.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Ekari alisimama getini asubuhi. "Naona mmenunua pambo!" Mzee alikuwa anafuta boneti kwa kitambaa, kama anavyofanya kila siku sasa. Hata hakugeuka. "Pambo ni hicho kitambi chako. Chenyewe kinalima nini?" Jirani akacheka mpaka akashika nguzo. Sijamsikia Mzee akisema vile mwaka mzima! Nilifurahi kijinga, nikasahau nilichokwenda kuchukua stoo.

Baadaye alitoka kwenda kisimani. Ndala ya kushoto ikamtoka njiani. Alipiga hatua saba bila kujua — nilizihesabu, ndiyo tabia yangu. Mguu peku, juu ya kokoto. Niliiokota nikaiweka mlangoni. Naye aliporudi akaitazama pale mlangoni, akaivaa.

Wakati wa chakula akaniambia nimpigie fundi wa duka, aje Alhamisi kumwonyesha. Hataki kuharibu dhamana. Alhamisi ndiyo siku ya mwisho ya kubadilisha. Anaijua ile karatasi, anaipita kila akinawa mikono. Au haisomi? Nimechoka kumkisia mtu niliyeishi naye miaka arobaini na mitano.

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne na nusu asubuhi. Niko jikoni. Nimewaambia natengeneza chai, na maji nimeyabandika kweli.

Fundi alikuja saa tatu. Mtu mzima kiasi, mpole, si msemaji. "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia, akapanda. Alipandia upande wa kulia, akijivuta kwa mikono, tofauti kabisa na mchoro wa kitabu cha trekta. Lakini alipokaa — alikuwa mrefu! Shingo ilinyooka. Nilimwona dereva wa lori.

"Kanyaga klachi, baba, kisha uwashe."

"Nimekanyaga."

Fundi akasubiri. Trekta hili haliwaki mpaka klachi ifike chini. Ni kinga: kuna swichi pale, isipoguswa, umeme haupiti. Nilikuwa nimelisoma hilo ukurasa wa tisa. Mzee akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena.

"Ongeza kidogo, baba."

"Nimekanyaga mpaka mwisho, bwana! Betri yenu imekufa!"

Niliinama kutazama. Pedali ilikuwa juu kabisa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa kando ya pedali, juu ya bati la sakafu. Anakanyaga bati tupu, kwa nguvu zake zote. Goti lilikuwa linatetemeka kwa juhudi.

Fundi aliniona nikiona. Mungu ambariki mtu yule — alisema, "Ngoja nicheki hiyo betri," akafungua boneti isiyo na ugonjwa wowote, akajishughulisha humo muda mrefu.

Kisha akanifuata huku, akifuta mikono. Lile la mguu wa kulia limebaki moja dukani, akasema kwa sauti ya chini. Anaweza kulileta kesho. Ila fomu iwe dukani leo, kabla ya saa kumi jioni.

Fomu ninayo mbele yangu. Namba ya injini, tarehe, aina — nimejaza. Mstari wa nne: Sababu ya kubadilisha. Mstari wa tano: Saini ya mwenye trekta. Mwenye trekta ni yeye. Nilisisitiza mwenyewe.

Nimeandika kwa penseli: "Kosa la mnunuzi." Ni kweli tupu. Lile lisilo na klachi lilikuwepo mbele yangu, nikaambiwa, nikatoa somo. Lakini atauliza, kosa gani? Nimefuta. "Nguvu hazilingani na shamba" — uongo, na yeye ndiye wa kwanza kuutambua. Nimefuta. Karatasi imeanza kutoboka. Nimewaeleza watoto wa watu kwa nini hasi mara hasi ni chanya, wakaelewa hata wale wa nyuma. Mstari mmoja huu umenishinda.

Maji yamechemka.

Naona dirishani: fundi amekaa juu ya ndoo kivulini, boneti bado iko wazi. Mzee hajashuka. Mikono miwili kwenye usukani, anatazama shamba. Sijui hataki kushuka au hawezi.

Ananiita. Sauti ile ya zamani, ya kuita kutoka ndani ya lori. Nimpelekee kofia, jua limeanza kuwa kali, na kazi, anasema, bado hata haijaanza.