Pale Ambapo Mama Hashuki

Zawadi mjukuu wangu,

Kisangani yote haikuwa na mwendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kama mimi. Hata mashimo ya mtaa wa Makiso yalinisalimia kwa jina. Koko yako, bibi yako, anacheka nikiandika hivi, donc ujue ni mzima.

Unauliza, na baiskeli yako mpya huko Kindu, upitie njia ya mashimo au ile ya lami. Bon, wewe wa sekondari unamuuliza mtoro wa shule. Mimi nilisoma miguu ya wamama. Niliangalia toleka ya mbele: mama aliyebebwa nyuma akishuka na beseni lake la samaki, akamwambia aliyembeba, "Papa, acha nitembee," nilijua hapo ni pabaya, nami nikapunguza mwendo.

Siku moja nilishika lami ya Bangboka, ile ya kwenda uwanja wa ndege, peke yangu. Hakuna aliyeshuka. Nikakanyaga, nikajiona ndege. Magari nayo yalijiona ndege.

Kwa hiyo simama kwanza, uangalie magari yanavyopita. Mguu huu ninaouburuta, watu wanadhani ulivunjwa na mashimo, nami huwaacha waamini hivyo. Ni gari, kwenye lami nzuri, mahali ambapo hakuna mama aliyeona sababu ya kushuka.

Koko yako, babu wa toleka