Kinini Iliyopanda Kioo

Asende, mujukuu wangu,

Hapa Baraka tuko wazima. Mama yako iko anaanika mihogo. Unauliza kioo chenye unga mweupe kinatenganishaje mchanganyiko.

Wakati wa vita, mama yako akiwa bado mutoto, homa ya malaria ilimushika. Kinini, dawa yake, nilinunua sokoni lakini sikuiamini, maana ya uongo ilikuwa mingi. Kule Nundu, mufarmasia alichora mstari wa kalamu ya biki chini kwenye kioo kama hicho, akadondoshea juu yake tone la kinini ya kweli na tone la yetu, akakisimamisha katika spiriti kidogo. Wino wa biki ukapanda, rangi zake zikaachana.

“Nimekosea, mama, wino haufai kwa mstari,” akacheka. “Lakini ona: kinachoshikamana na unga kinabaki chini, kinachopenda spiriti kinapanda. Dawa ileile hufika kimo kilekile.”

Akarudia kwa kalamu ya risasi, ambayo haipandi. Chini ya taa yake ya mwanga wa zambarau, madoa mawili yaling'aa kwa kimo kimoja. Nikamumezesha mama yako palepale.

Ndiye huyu ananigombeza sasa nifunge barua, boti ya kuipeleka inaondoka.

Koko wako