Kabla Hatujawa Wakwe

Jumapili, 4 Agosti 1996

Wiki tatu sijaandika hata mstari. Mhariri ameuliza kama nimekufa au nimeokoka. Hakuna kati ya hayo. Ni posa tu! Tangu Muriithi, kijana wa Njue, aje kumposa Wanjira wangu, Njue ameacha kubishana nami.

Miaka ishirini na tisa tumetukanana. Kila makala niliyochapisha, niliijaribu kwanza kwa Njue. Alikuwa anasimama, anavua koti, analikunja, analiweka kitini. Halafu: "Sasa Gitari, mwalimu wa uongo, hebu nikufunze." Hapo nilijua kazi imeanza.

Siku hizi ananiita muthoni. Mkwe! Na mkwe hataniwi, hapingwi. Ndivyo tulivyolelewa.

Lakini mbuzi wa mahari wanaletwa tarehe 17. Kwa hiyo bado hatujawa wakwe! Jumamosi hii nitampeleka kule chini, mtaa wa zamani kando ya mto Rupingazi, tulikoanzia. Siku moja tu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeenda kwa Njue, mtaa wa Dallas, kumwalika. Kanipa kiti kikubwa, yeye akakalia stuli. Chai, mayai mawili. Nikamchokoza: bei ya kahawa imeanguka kwa sababu wakulima ni wavivu. Upuuzi mtupu! Mtu akisema hivyo mbele yangu, namrarua.

Njue akatazama kikombe chake. "Huenda kuna ukweli hapo, muthoni."

Na huyu alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa miaka kumi na sita!

Amekubali kuja, lakini. Akauliza alete nini. Nikasema alete ulimi. Hakucheka. Aliyecheka ni mkewe, jikoni.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepanga safari yote. Darajani saa nne. Kisha yale maduka yenye nguzo za mbao, walipokaa mafundi wa cherehani. Kisha hoteli ya Njoka—sasa ni stoo ya mbolea. Hapo tulisoma gazeti moja watu wawili: yeye akianzia nyuma, mimi mbele, tukikutana katikati tunagombana hadi Njoka anatufukuza. Halafu kiwanda cha zamani cha kahawa, na harufu ya maganda yaliyochacha. Hakuna aliyeipenda ila sisi.

Mke wangu Ciakuthii atatufungia viazi vitamu na thamosi ya chai. "Wanaume wazima, mnatoroka nyumbani mkatukanane?"

Ndiyo, mama Wanjira.

"Na ukimkasirisha kabisa? Harusi ya mtoto ikivunjika?"

Wanjira alikuwa hapo akimenya viazi. Kisu kikasimama.

Jumamosi, 10 Agosti. Saa saba mchana, kwenye mawe ya mtoni

Manyunyu tangu asubuhi. Mlima hauonekani. Njue amekuja na koti la kanisani.

Tumepita kote, na amekubali kila kitu! Mbele ya hoteli ya Njoka nikasema lile gazeti lilikuwa langu.

"Lilikuwa lako, muthoni."

Alilinunua yeye! Kila Jumapili!

Ndipo tukafika kiwandani. Mizani ya zamani bado inaning'inia, kutu tupu. Mwaka wa 1974 niliandika kwamba mizani ile inawapunja akina mama. Karani alikuwa yeye. Akaleta mawe ya kupimia, akaipima mbele ya watu wote, ikawa sawasawa. Nilijua nimekosea. Sikuwahi kuchapisha masahihisho. Miaka ishirini na mbili.

Na leo, kwa hamu tu ya kumsikia akinijibu, nimesema: "Mizani yako ilikuwa inaiba, Njue. Na ulijua."

Hakuniita muthoni wala Gitari. Alinishusha hadi hapa kwenye mawe, akaweka kikapu cha viazi chini taratibu, akapanda darajani.

Yuko huko hadi sasa. Amenipa mgongo. Chai imepoa. Akilini namwona Wanjira na kile kisu chake.

Nimetupa maneno mengi maishani, na kila moja nimelitetea. Hili ningelirudisha.

Anashuka. Polepole, kama mtu anayepanga hoja.

Amefika. Amesimama mbele yangu, hata kikapu hakitazami.

Anavua koti. Kwenye mvua hii! Analikunja. Anatafuta mahali pakavu pa kuliweka—nasogeza kikapu—